Meli za plastiki za kuunganisha: vile mimi huzipata nikiwa Kisumu

Wacha nianze na jina lenyewe ju lilishaniletea shida nyumbani. Mara ya kwanza nilimwambia mamangu kwa simu kwamba nimeagiza kiti ya meli (ile "kit" ya Kiingereza) kutoka Japani, akanyamaza kidogo alafu akauliza kwani viti vya soko la Kibuye vina ubaya gani, na hicho kinakaliwa na watu wangapi. Tangu siku hiyo mimi husema seti.

Naongelea zile boksi za vipande vya plastiki, unakata kwa fremu, yaani vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande, unabandika na gamu, unapaka rangi, mwisho unakuwa na Yamato, ile manowari ya Japani, ama Titanic juu ya kabati ya TV. Watu huniuliza sana "mkubwa hizo unanunua duka gani hapa tao" na jibu ni kwamba duka sijaliona. Nimetembea Oginga Odinga Street juu chini, nimeingia supamaketi moja baada ya nyingine, utapata magari ya betri, midoli, na zile tofali za kuchezea za kila rangi, meli za kuunganisha hakuna. Lazima uagize. Na hapo ndipo wengi huchomeka, ju mtu anaanza na meli anayoota usiku badala ya kuanza na boksi inayoweza kumfikia bila kumfilisi.

Hatua ya 1: Pima boksi kwanza

Skeli ni hesabu ya darasa la sita tu. 1/700 maana yake meli halisi imepunguzwa mara 700. Bismarck, manowari ya Ujerumani, ilikuwa na urefu wa mita 251, kwa hivyo kwa 1/700 unapata kama sentimita 36, ile ya kukaa juu ya meza ya kahawa. Kwa 1/350 ni karibu sentimita 72, na hiyo sasa inataka kabati yake na labda mke mwenye subira.

Lakini shida sio kabati. Zile kampuni za kubeba vifurushi kwa ndege hazikuchaji kilo pekee, zinaangalia pia nafasi ambayo boksi inakula. Unapiga urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, unagawanya kwa 5000, na ikipita uzito wa kwenye mizani unalipa hiyo. Tuseme boksi ni 40 kwa 20 kwa 6, unapata kama kilo moja. Sasa chukua boksi ya 80 kwa 30 kwa 10, inakuja kilo 4.8 hata kama ndani ni plastiki nyepesi na hewa ya Asia. Mimi hii nilijifunza vibaya, niliona meli ya 1/350 imeshushwa bei nikabonyeza haraka kama mtu anakimbizwa, kufika kwa malipo nauli imepita bei ya meli yenyewe, na nikalipa tu ju nilikuwa nimeshaambia kila mtu.

Kwa hivyo ya kwanza iwe 1/700. Ukipenda kubwa utarudi.

Hatua ya 2: Jua nani anatengeneza nini

Mwaka wa 1971 makampuni manne ya mkoa wa Shizuoka huko Japani, yaani Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, yalikubaliana kugawana meli za vita za Japani, wewe utengeneze hii mimi nitengeneze ile, zote kwa 1/700, zote zikiwa zimekatwa pale maji yanapofika ndio zikae flati kama zinaelea. Fujimi alijitoa baadaye akaendelea kivyake. Hiyo ndio sababu mpaka leo ukitafuta 1/700 utapata meli nyingi kuliko skeli zingine, na ni kitu kizuri kwetu ju ndio boksi ndogo pia. Trumpeter wa China naye ana nyingi za 1/700 na 1/350.

Airfix wa Uingereza meli zake nyingi za zamani ni 1/600, na Heller wa Ufaransa ana 1/400. Sio mbaya, ila ukiziweka kwa rafu moja na za 1/700 inakaa kama mtu ameleta watoto wa jirani kwa picha ya familia.

Alafu hapa sikiliza vizuri. Boksi mpya sio lazima iwe na meli mpya ndani. Ile chuma ya kumwagia plastiki, moldi, hudumu miaka na miaka, na kampuni inaweza kuichapisha tena na picha mpya juu, ama kuiazimisha kampuni nyingine iweke jina lake. Airfix wamekuwa wakiuza meli tangu Golden Hind ya 1952, sasa fikiria moldi ngapi zimezeeka hapo katikati. Moldi mzee inaacha ngozi nyembamba za plastiki pembeni ya vipande na pande mbili za bodi zinakataa kushikana. Kabla ya kulipa ingia tovuti ya Scalemates, andika jina la meli, inakuonyesha moldi ni ya mwaka gani na imepitia boksi ngapi. Mfano Yamato ya Tamiya ya 1/350, kuna ile ya zamani na kuna ile waliyoitengeneza upya 2011, jina moja, meli tofauti kabisa ukiishika.

Na ukikuta imeandikwa imeisha usilie. Viwanda hivi huchapisha kwa awamu, leo meli hii, mwezi ujao ndege, meli inarudi baadaye. Anayekuuzia mara tatu ya bei eti ni ya mwisho duniani, mwache nayo.

Kama hujawahi kabisa na rangi inakuogopesha, tafuta Titanic ya Academy wa Korea, ile ambayo vipande vimekuja na rangi tofauti tofauti tayari. Titanic haikosekani, kila mtu anaitaka hata asiyejua meli.

Hatua ya 3: Agiza, lakini sio peke yako

Mimi hutumia maduka ya Japani kama HobbyLink Japan na Plaza Japan, na mara moja moja AliExpress kwa vitu vya Trumpeter. HobbyLink wanakuwekea vitu stoo mpaka vitoshe wakutumie pamoja, na hiyo ndio siri, ju boksi tatu kwa katoni moja nauli yake haifiki mara tatu. Sisi tuko watatu, mimi hapa, jamaa wa Nakuru na dadangu mmoja wa Kakamega anayependa nyambizi tu, hataki kusikia kingine. Tunachanga kwa M-Pesa, mmoja anaagiza, mzigo ukifika tunagawana kwa parseli za matatu.

Mwambie muuzaji aandike kwa invoisi kwamba ni modeli ya plastiki ya kuunganisha, na namba ya kastamu ya kupanga bidhaa, HS 9503, hiyo ni ya vitu vya kuchezea na modeli za skeli. Usidharau. Kuna mzigo wangu ulikuja umeandikwa tu jina la manowari na mitutu ya mizinga ya chuma, nikajikuta mbele ya kaunta ya kastamu nikimweleza mzee wa watu kwamba huo mtutu ni mdogo kuliko kijiti cha meno. Hakucheka. Mpaka boksi ikafunguliwa ndio akaanza kuuliza inachukua siku ngapi kuimaliza.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kodi kabla, sio baada

Kastamu hawaangalii bei ya meli pekee, wanaanza na bei ukijumlisha nauli na bima. Juu ya hiyo kuna ushuru wa forodha, kuna ada za IDF (ya kutangaza mzigo) na RDL (ya reli), alafu VAT ya 16% inakuja juu ya thamani ikiwa imeshabeba ushuru. Ukielewa hapo utaona kwa nini nakusumbua na boksi, ile nauli kubwa unailipa mara ya kwanza kwa ndege na inakurudia tena ndani ya kodi. Na usimwombe muuzaji aandike dola tano. Wakishuku watakadiria wenyewe, na makadirio yao huwa hayana huruma.

Hatua ya 5: Gamu na rangi, tafuta hapa hapa

Gamu nzuri ya plastiki inashika moto haraka na spray ya kopo ina gesi, kwa hivyo wauzaji wengi hawatazipakia kwa ndege. Usipoteze muda.

Mimi hufanya hivi. Tafuta chupa ya cutex iliyoisha, ile na brashi yake ndogo, ioshe ndani mpaka iwe safi. Nunua nitro thinner kidogo kwa wauza rangi za magari, jaza chupa nusu, alafu kata vipande vidogo vya fremu iliyobaki utumbukize humo, funga ulale. Asubuhi plastiki imeyeyuka na una gamu nzito kama uji wa mtoto. Hii haigandi juu kama superglue, inayeyusha pande zote mbili kidogo zikawa kitu kimoja. Unashikanisha vipande, unagusa brashi kwa mshono, unaona majimaji yanakimbia yenyewe kufuata mstari. Usisugue, usifinye na kidole, alama ya kidole hapo haitoki mpaka msasa. Jaribu kwanza kwa kipande cha fremu ju thinner hazifanani, nyingine ni kali zinakula. Dirisha wazi, na jiko liwe mbali kabisa, hiyo sitanii.

Blade usitafute ya maana sana, nenda duka la dawa uulize blade za upasuaji namba 11 na mpini namba 3. Kikata kucha kinatosha kukata vipande kwa fremu, ila acha milimita moja alafu umalizie na blade, ukikata karibu sana plastiki inavutika inabaki na doa jeupe. Kamba za mlingoti mimi hutumia nywele za kusukia, uzi mmoja mmoja, nyeusi. Pakiti moja nimeitumia mwaka wa pili sasa.

Spray ya gari inafanya kazi ukipaka nyepesi nyepesi kutoka mbali kama sentimita 30, pasi nyingi. Ukimwaga mara moja inayeyusha alama zote ndogo ndogo za meli. Paka asubuhi. Jioni mvua ikinukia hewa ina maji na rangi inakauka na ukungu mweupe, na kama hiyo haitoshi kuna wale wadudu wadogo wa ziwa wanaokuja kama moshi wakifuata taa. Nina meli moja ya kijivu, ukiinamia sitaha yake utahesabu abiria kumi na mmoja wenye mabawa.

Hatua ya 6: Kibuye Jumapili

Hii ni bahati nasibu. Pale kwa mitumba ya vitu vya kuchezea huwa naangalia chini ya rundo, na nimewahi kupata boksi ya meli imeanzwa ikaachwa. Hesabu fremu ukilinganisha na karatasi ya maelekezo kabla ya kubageni. Stika zikiwa za manjano zibandike kwa kioo cha dirisha zikiangalia jua siku kadhaa, zinarudi nyeupe.

Na meli za kwetu?

Hapa ndio pananiuma. MV Victoria iliyoanza kazi 1961, na MV Uhuru, ile ya kubeba mabehewa ya treni, ya miaka hiyo hiyo ya sitini, zilitengenezwa na Yarrow huko Skotlandi, zikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kisumu. Yaani zenyewe zilikuja kama seti. Lakini seti ya plastiki ya Uhuru sijawahi kuiona popote. Ina kama mita 91.6, kwa hivyo kwa 1/350 ni sentimita 26, boksi ambayo ingekuwa tamu kwa nauli.

Yangu naikata mwenyewe kutoka kwa vikombe vya yogati. Geuza kikombe, tafuta ile pembetatu yenye namba 6 na herufi PS, hiyo ni plastiki moja na ya seti na ile gamu ya chupa ya cutex inaishika vizuri. Ikiwa na 5 iache, haishiki kitu. Bodi iko tayari, sasa niko kwa reli za sitaha, zile za kuingiza mabehewa, na nimekwama nyuma pale yanapoingilia ju picha zote nilizonazo zimepigwa kutoka mbele. Mwenye picha ya nyuma anitumie.