Somo: Wimbo umekuganda kichwani, utautoaje?

Wakuu, salaam. Wimbo unaweza usiupende hata kidogo, ukausikia mara moja kwenye daladala, ukashinda nao hadi usiku. Tena si wimbo mzima, ni kile kiitikio tu, kinazunguka. Huo si ugonjwa wala jini.

Mwaka 2005 watafiti wa chuo cha Dartmouth, Marekani, waliwapigia watu nyimbo wanazozijua, wakawa wanakata sauti katikati. Sehemu ya ubongo inayoshughulikia usikivu iliendelea na kazi kwenye ule ukimya, kana kwamba muziki haujakatwa. Basi ukiwa unafua au umekwama kwenye foleni, akili haina shughuli, inajipigia yenyewe. Nyimbo za mwendo wa haraka na sauti nyepesi kushika ndizo sugu zaidi.

1. Usipigane nao. Ukijiambia "sitaki kuuwaza", itabidi ujikague kama bado unauwaza, na hapo umeshaurudisha.

2. Usikilize wote, mwanzo hadi mwisho. Wakati mwingine kinachozunguka ni kipande ambacho hujui kinaendeleaje. Maneno yakikupotea, yatafute. Ukiona unazidi, acha, nenda hatua ya 3.

3. Tafuna jojo. Msicheke! Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walilijaribu hili mwaka 2015, na waliotafuna walisumbuliwa kidogo kuliko wasiotafuna. Kuimba kimoyomoyo kunategemea maandalizi yaleyale ya kutamka, sasa taya likiwa na kazi nyingine, uimbaji unayumba.

4. Ipe akili kazi ya kadiri: chemshabongo, au hadithi nzuri. Kazi nyepesi mno inaacha nafasi, na ngumu mno inakufanya ukate tamaa, wimbo ukarudi.

MASWALI

Swali: Mkuu, mimi unanijia nikiwa kwenye swala. Nifanyeje?
Jibu: Usisome moyoni tu. Tamka, ulimi na midomo visogee. Ni mlemle mwa jojo, ila hapa hutafuni kitu.

Swali: Wangu naupiga mwenyewe kutwa nzima, mke wangu kachoka.
Jibu: Huo umeuchagua, kaka, haujakuganda. Mnunulie shemeji amani: vaa spika za masikioni. Utauchoka tu.

Swali: Ni wimbo tuliokuwa tukiusikiliza na mtu niliyeachana naye. Jojo itasaidia?
Jibu: Sidhani, dada. Hapo kinachorudi ni yule mtu, wimbo umempa lifti tu. Uondoe kwenye simu kwa muda, na uongee na rafiki unayemwamini.

Swali: Bibi yangu anasikia kwaya usiku, anatutuma tukazime redio. Redio hatuna.
Jibu: Hilo ni jambo jingine. Sisi tunajua wimbo uko kichwani. Yeye anausikia kwa masikio. Huwapata zaidi wazee ambao usikivu umepungua, wala si wazimu. Mpelekeni hospitali, waanze na kumpima masikio, na mbebe dawa zote anazotumia daktari azione.