Kumtafuta Babu Aliyefanya Kazi Reli Enzi za Malkia Victoria

Zipo familia za Waswahili zinazoishi Uingereza ambazo watoto wao, kwa upande wa mama au wa baba, ni vilembwe wa watu waliofanya kazi katika reli za nchi hiyo enzi za Malkia Victoria, yaani kati ya 1837 na 1901. Mtoto akiuliza babu huyo alikuwa nani, mara nyingi jibu hupatikana, kwa sababu kampuni za reli zilikuwa hodari wa kuandika. Sharti ni moja: ujue aliajiriwa na kampuni gani. Hapakuwa na shirika moja la reli wakati ule. Kampuni zaidi ya 100 zilijitegemea hadi 1923, zilipounganishwa zikawa nne, na kila moja ilikuwa na madaftari yake.

Anza na wazee na makabati yao. Angalia nyuma ya picha, kurasa za mwanzo za Biblia ya familia, saa ya kustaafu, hata kifungo cha sare chenye herufi za kampuni. Kisha agiza vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kifo, ambavyo kwa England na Wales vinaanzia tarehe 1 Julai 1837 na kwa Scotland mwaka 1855. Ningeshauri uanze na cheti cha ndoa, kwa kuwa kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pamoja na kazi zao, hivyo karatasi moja inaweza kukurudisha kizazi kizima nyuma.

Sensa ndiyo hazina kubwa kuliko zote, nami naomba msomaji asiipitie haraka. Ilifanyika kila baada ya miaka 10. Ile ya 1841 ni dhaifu, kwani umri wa waliopita miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa tano, na mahali pa kuzaliwa hapakutajwa kwa jina, ila tu kama mtu alizaliwa katika kaunti aliyoishi au la. Kuanzia 1851 kila mtu aliandikiwa uhusiano wake na mkuu wa kaya na mahali alipozaliwa, na hapo ndipo siri ya mtu wa reli inapofichuka. Watu hawa walihamishwa mara kwa mara, na wake zao wakajifungua kila walikopelekwa, kwa hiyo orodha ya watoto ni ramani ya ajira ya baba yao. Tuseme sensa ya 1891 inaonyesha mtoto wa kwanza alizaliwa Swindon, wa pili Didcot na wa tatu Newton Abbot: miji yote mitatu ilikuwa kwenye njia za kampuni ya Great Western, na Swindon ndiko kulikokuwa na karakana yake kuu tangu 1843. Kama ni Crewe, Wolverton na Rugby, fikiria kampuni ya London and North Western. Soma pia majirani, maana mtaa mzima wa madereva, magadi wa treni na wasafishaji injini huenda ulikuwa wa nyumba za kampuni.

Ukishalijua jina la kampuni, nenda kwenye madaftari ya watumishi. Mengi ya yale yaliyobaki yapo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Kew, London, chini ya alama ya RAIL. Ya Great Western, kwa mfano, yamo katika RAIL 264. Sehemu kubwa imewekwa kwenye tovuti ya Ancestry, na kampuni za Scotland zitafutwe katika hifadhi ya nyaraka ya huko, mjini Edinburgh. Katika daftari unaweza kukuta tarehe ya kuajiriwa, cheo, stesheni, mshahara, uhamisho, faini na maonyo. Inagusa moyo kumwona mvulana aliyeanza kwa kusafisha injini akipanda kuwa mchochea moto, kisha dereva, mstari baada ya mstari. Linganisha tarehe ya kuzaliwa na cheti, kwani wapo waliodanganya umri ili wapate kazi.

Kama alikufa kazini, jambo lililowapata mamia ya wafanyakazi kila mwaka, tafuta gazeti la mji wake la wiki ile. Habari za uchunguzi wa kifo zilieleza ajali ilivyotokea na mara nyingine zilitaja mjane na idadi ya watoto. Chama cha wafanyakazi wa reli kilichoanzishwa mwaka 1871 kilikuwa na mfuko wa yatima, na kumbukumbu zake zinatunzwa katika Chuo Kikuu cha Warwick.

Vibarua waliochimba njia na mahandaki ni shida zaidi, kwa sababu waliajiriwa na makandarasi na majina yao hayamo katika madaftari ya kampuni. Hawa watafutwe katika sensa na katika vitabu vya ubatizo na mazishi vya parokia zilizopakana na ujenzi. Reli ya Settle hadi Carlisle ilijengwa kuanzia 1869 hadi 1876, na kwenye kanisa dogo la Chapel-le-Dale wamezikwa zaidi ya watu 200 wa kambi zake, wake na watoto wakiwemo. Kitabu cha mazishi kinataja umri wa kila mmoja na mahali alipoishi, na humo kambi zenyewe, kama Batty Green, zimeandikwa kwa majina.