Gapi wamejaa tangi: pa kuanzia

Tangi la lita 60 lililoanza na gapi sita, samaki wadogo wa mapambo, huweza kujaa makumi ya samaki ndani ya miezi michache. Jike huzaa takriban kila wiki nne, na huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana kumtoa dume leo hakukomeshi uzazi.

Dalili za msongamano huonekana alfajiri: samaki wamejipanga juu, midomo ikigusa uso wa maji, mapezi yamekunjwa. Washa pampu ya hewa mara moja, kisha badilisha robo ya maji, yaani lita 15, siku moja ndiyo siku moja siyo, kwa wiki nzima. Maji ya bomba yaache saa 24 kwenye ndoo iliyo wazi ili klorini itoke. Usibadilishe yote kwa mkupuo, maana samaki waliodhoofika hawahimili badiliko la ghafla. Sifongo ya kichujio ikamulie ndani ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si bombani: klorini huua bakteria wanaoondoa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Chakula kiwe kidogo, cha kuisha ndani ya dakika mbili.

Sasa punguza samaki wenyewe. Bakiza 15 hivi, na afadhali wawe madume watupu. Dume ana pezi la chini ya tumbo lililochongoka kama kijiti. La jike limetanuka kama upepeo. Waliozidi wape wafugaji wengine au duka la samaki wa mapambo. Tafadhali usiwamwage mtoni, ziwani wala mtaroni; watazaliana huko na kuwasumbua samaki wa asili.