Jinsi ya kusoma kromosomu za rai kuanzia mzizi hadi suke, hatua kwa hatua

Wakuu, watu wengi wanaojifunza jenetiki ya nafaka wanaishia kuhesabu kromosomu (zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni) kwenye mzizi, wakipata 14 wanafunga daftari. Kiukweli hapo unakuwa umejua idadi tu. Tabia yake, yaani zinavyotafutana, zinavyoshikana na zinavyoachana, unaiona kwenye suke changa wakati seli zinajiandaa kutengeneza chavua, na tabia ndiyo inayokwambia mbegu za kesho zitakuwaje. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mmea mmoja huohuo, mzizi wake kwanza halafu suke lake. Nimechagua rai (rye, nafaka ndugu ya ngano) kwa sababu kromosomu zake ni kubwa na ni jozi 7 tu, ngano ya mkate inakupa 42 na kwa anayeanza ni mateso.

Hatua ya 1: Otesha, na kila mbegu ipe namba

Weka mbegu kwenye sahani ya petri yenye karatasi ya chujio iliyoloa, joto la nyuzi 20 hadi 24 linatosha. Rai inachavushwa na upepo na kwa kawaida inakataa chavua yake yenyewe (kuna maeneo mawili ya jeni, S na Z, yanayosimamia kukataa huko), kwahiyo mbegu mbili za suke moja hazifanani kijenetiki. Ndiyo maana nasisitiza namba, ukichanganya miche kila kitu kinachofuata hakina maana.

Mizizi ikifika sentimita 1 hadi 2 kata miwili au mitatu, mche uliobaki upande kwenye chungu wenye namba ileile. Usiutupe! Kama ni rai ya majira ya baridi itabidi ikae kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi kwa wiki 6 hadi 8 ndipo itoe suke, rai ya majira ya kuchipua haihitaji hilo.

Hatua ya 2: Barafu, kisha dawa ya kugandisha

Mizizi uliyokata itumbukize kwenye maji yaliyojaa barafu, acha saa 24. Baridi inavunja zile nyuzi zinazovuta kromosomu, seli zinakwama katikati ya mgawanyiko na kromosomu zinajikunja kuwa fupi. Wapo wanaotumia kolchisini, inafanya kazi, ila ni sumu na kwa nafaka sioni sababu wakati barafu ipo.

Baada ya hapo hamishia kwenye dawa ya kugandisha, yaani inayoua seli na kuziacha zilivyo, ambayo ni mchanganyiko wa ethanoli sehemu 3 na asidi asetiki isiyo na maji sehemu 1. Uchanganye siku hiyohiyo, ukikaa pombe na asidi vinaanza kuungana na dawa inapoteza nguvu. Acha usiku kucha, na kama hutafanya kazi kesho yake hamishia kwenye ethanoli ya asilimia 70 uweke kwenye friji.

Hatua ya 3: Rangi na kuponda

Osha mizizi kwa maji, iweke kwenye asidi hidrokloriki ya nomali 1 kwenye nyuzi 60 kwa dakika 10 hivi, kisha osha tena, kisha kemikali ya Schiff (inayoipa DNA rangi) gizani kwa saa moja au zaidi. Ncha itageuka zambarau nzito na sehemu ya nyuma itabaki hafifu, hiyo zambarau ndiyo yenye seli zinazogawanyika. Joto hapa usilichukulie poa, likipungua rangi haishiki, ukizidisha muda DNA inaharibika na rangi inafifia tena.

Kata ile ncha tu, chini ya milimita 2, weka kwenye tone la asidi asetiki ya asilimia 45, ipasue kwa sindano mpaka usione donge, funika kwa kioo chembamba, gonga taratibu kwa ncha ya penseli, halafu karatasi juu na ukandamize kwa kidole gumba kwenda chini moja kwa moja. Kioo kikiteleza pembeni hata kidogo kromosomu zinajiviringisha na slaidi imekwisha.

Hatua ya 4: Kuhesabu

Tafuta seli ambazo kromosomu zimetawanyika lakini bado ziko pamoja, ukiona zimesambaa sana huwezi kujua kama kuna iliyotoka nje ya seli. Hesabu seli kadhaa kwa kila mmea, usiamini seli moja.

Ukipata 15 tulia kwanza. Kromosomu 1R (namba 1 ya rai) ina mahali pembamba kwenye mkono wake mfupi, na kile kipande cha mwisho kinaweza kuonekana kama kimejitenga ukakihesabu peke yake. Lakini pia inawezekana kweli una kromosomu B, na rai inajulikana sana kwa hizi. B ni ya ziada, mmea unaishi vizuri bila hiyo, ukubwa wake ni karibu nusu ya zile za kawaida (tunaziita A), na utaona ina sentromia yake mwenyewe (pale mikono miwili ya kromosomu inapokutana) pamoja na nyuzi mbili (kromatidi, yaani nakala mbili za kromosomu zilizolala pamoja), kitu ambacho kile kipande cha 1R hakina. Andika hivi: 14 + 1B, 14 + 2B, na kuendelea.

Ukipata 42 au 56, huo mmea sio rai, yaelekea ni tritikale, ile mseto wa ngano na rai (42 inaweza pia kuwa ngano ya mkate yenyewe), angalia ulikotoa mbegu.

Hatua ya 5: Kulivizia suke

Hapa ndipo watu wengi wanakosa. Ukisubiri suke litokeze umechelewa, mayosisi (mgawanyiko unaopunguza kromosomu kuwa nusu ili kutengeneza chavua) inafanyika likiwa bado limefichwa ndani ya ala ya jani. Jani la mwisho likishachomoza anza kupapasa shina kwa vidole, utasikia mahali palipovimba. Pasua ala taratibu, chukua kiua cha katikati ya suke maana katikati hutangulia na ncha pamoja na kitako hufuata nyuma, hivyo suke moja linakupa hatua nyingi tofauti kwa mpigo mmoja, bahati nzuri sana hiyo.

Kila kiua kina vifuko vitatu vya chavua na kwa kawaida vinaenda pamoja. Chukua kimoja, ponda kwenye tone la asetokamini (rangi nyekundu ya kromosomu), angalia kwenye hadubini. Vikiwa vya njano usihangaike navyo, chavua imeshaundwa, unataka vya kijani hafifu vinavyopitisha mwanga. Ukiona hatua unayotaka, vile viwili vilivyobaki weka haraka kwenye dawa ya kugandisha ya hatua ya 2. Mayosisi nzima ya rai kwenye nyuzi 20 inachukua kama saa 51, ngano kama saa 24, kwahiyo rai inakupa nafasi kubwa zaidi ila bado metafezi ya kwanza (pale jozi za kromosomu zinapojipanga katikati ya seli) inapita haraka.

Rangi ikiwa hafifu koroga tone kwa sindano yenye kutu kidogo, chuma kinaifanya asetokamini iwe nzito. Kisha pasha slaidi juu ya moto mdogo bila kuchemsha, ponda kama mwanzo.

Hatua ya 6: Kusoma metafezi ya kwanza

Hapa kromosomu zimeshapata wenzake, kila jozi inaitwa bivalenti. Rai yenye afya inatakiwa ikuonyeshe bivalenti 7. Sasa tazama umbo: bivalenti ya pete imeshikana kwenye mikono yote miwili, ya fimbo imeshikana mkono mmoja tu. Kule kushikana ni kiazma, na kwenye rai kiazma zinakaa zaidi karibu na ncha za kromosomu, maeneo ya katikati hubadilishana jeni kwa nadra sana. Yaani jeni mbili zinaweza kuwa mbali kwenye DNA na bado zikarithiwa pamoja kizazi hadi kizazi, mzalishaji wa mbegu asipolijua hili atahangaika sana kuzitenganisha.

Kuhesabu ni rahisi, pete 2, fimbo 1. Seli yenye pete 5 na fimbo 2 ina kiazma 12, gawa kwa 7 unapata 1.71 kwa bivalenti. Fanya hivyo kwa seli nyingi, ulinganishe mmea na mmea. Ukikuta kromosomu imekaa peke yake hiyo ni univalenti, zinakuja mbilimbili kwa sababu jozi imeshindwa kushikana. Rai iliyolazimishwa kujichavusha vizazi kadhaa kiazma zake hupungua, na kwa maoni yangu hii ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kuona kwamba kushikana kwa kromosomu nako kunaongozwa na jeni.

Hatua ya 7: Anafezi na seli nne

Anafezi ni pale kromosomu zinapoachana kwenda pande mbili za seli, na mgao mzuri ni 7 kwa 7. Univalenti huwa zinabaki katikati zinasuasua, na baadaye kwenye kundi la seli nne (zinazotokana na mayosisi ya seli moja) utaona vinukta vidogo nje ya kiini, hizo ni kromosomu zilizopotea njiani. Hesabu seli nne zenye vinukta na zisizo navyo, inachukua muda mfupi na inakupa picha ya chavua ngapi zitakuwa mbovu.

Hatua ya 8: Kama mmea wako una B

B hazishikani na A hata siku moja, zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Mmea wa 1B utaonyesha bivalenti 7 na univalenti moja ndogo, ambayo mara nyingi hupotea. Mmea wa 2B kwa kawaida unaonyesha bivalenti 7 kubwa na moja ndogo, kwahiyo kila seli inayotoka inabeba B moja.

Sasa hapa ndipo panaponifurahisha miaka yote. Kwenye mgawanyiko wa kwanza ndani ya chavua, nyuzi mbili (kromatidi) za B zinagoma kuachana, zote mbili zinaenda kwenye kiini kitakachotoa mbegu za kiume. Upande wa kike nako inatokea hivyohivyo. B moja imekuwa mbili bila kumwomba mtu ruhusa, na kinachosababisha kiko kwenye ncha ya mkono wake mrefu, B iliyokatika ncha hiyo inagawanyika kawaida.

Kwahiyo chukua chavua ya mmea wa 2B, weka kwenye mmea usio na B, vuna, otesha, hesabu mizizi ya watoto. Kwa hesabu ya Mendel (kanuni za kawaida za urithi) ungetegemea 1B, lakini wengi watakuwa na 2B, wengine hawana kabisa na wenye 1B watakuwa wachache. Ukichavusha 2B kwa 2B tegemea pia kuona 4B, na hao wapande kwa uangalifu, maana B zikizidi mmea unadhoofika na mbegu zinapungua, ni nadra sana kupata ulio na zaidi ya 8.