Kupanga ukataji wa mikaratusi kwa Solveur: hekta 40, miaka 4

Mwenye mikaratusi upande wa Sake au Masisi, huku Kivu Kaskazini, mara nyingi hukata pale minervali (karo ya shule) ya watoto inapodaiwa. Kwa robo hekta hilo halina neno. Koperative yenye hekta 40 na wateja wa makala (makaa ya kupikia) mjini Goma wanaotaka mzigo kila mwaka haiwezi kuishi hivyo. Mwongozo huu unapanga ukataji kwa upangaji wa mstari, yaani hesabu inayotafuta jibu kubwa kuliko yote ndani ya masharti uliyoyaandika. Njia hiyo ni ya mwaka 1947, ya mwanahisabati George Dantzig, na LibreOffice Calc, programu ya majedwali, inaifanya kwa chombo chake kiitwacho Solveur, kwenye kompyuta ya kawaida bila intaneti. Majina ya menyu na fomyula hapa ni ya Kifaransa, kwa sababu ndivyo yanavyoonekana kwenye mashine nyingi za kwetu.

Hatua ya 1: pima shamba

Funga kamba ya mita 5.64 kwenye kijiti, zungusha nayo duara: hiyo ni m² 100. Pima kila mti ndani yake, unene kwenye kimo cha mita 1.3 na urefu wote. Kama nafasi ya kupandia ilikuwa mita 2.5 kwa 2.5, unategemea miti 16 hivi kwenye duara. Ukikuta 9, usisogeze duara mahali penye miti mizuri. Mapengo nayo ni sehemu ya shamba. Fanya maduara kadhaa kila kitalu, yaani kila kipande cha shamba, kisha geuza matokeo kuwa m³ kwa hekta.

Kosa linaloharibu mipango mingi liko hapa: kuchanganya steri na m³. Steri ni rundo la kuni zilizopangwa, mita 1 kila upande, nayo ina hewa katikati. Mti wenyewe ni m³ 0.6 hadi 0.7 tu. Chagua kipimo kimoja, kitumie kila safu.

Hatua ya 2: andika meza

Namba hizi ni za mfano, weka zako. Kuna vitalu vitatu: Kilimani hekta 12, miti ya miaka 6, Katikati hekta 18, miaka 4, Bondeni hekta 10, miaka 3. Hatukati mti ulio chini ya miaka 5. Mavuno kwa hekta ni m³ 75 katika umri wa miaka 5, kisha 100, 122, 140 na 154 kwa miaka 6 hadi 9.

Seli B2:E4 ziache tupu. Ni hekta zitakazokatwa, mistari ikiwa vitalu na safu zikiwa mwaka 1 hadi 4. F2 iwe =SOMME(B2:E2), ishushe hadi F4. G2:G4 andika 12, 18, 10. Mavuno yaende B8:E10:

Kilimani: 100, 122, 140, 154
Katikati: 0, 75, 100, 122
Bondeni: 0, 0, 75, 100

B12 iwe =SOMMEPROD(B2:B4;B8:B10), inakili hadi E12, kisha F12 ijumlishe miaka yote minne. Kwenye Calc ya Kifaransa desimali ni koma. Ukiandika 0.9 kwa nukta itachukuliwa kuwa maandishi, na utahangaika kutafuta kosa ambalo halionekani.

Hatua ya 3: endesha Solveur

Outils, kisha Solveur. Lengo ni F12, iwe kubwa iwezekanavyo, kwa kubadili B2:E4. Masharti: F2:F4 zisizidi G2:G4, B3, B4 na C4 ziwe 0. Kwenye chaguo, teua injini ya mstari na hakikisha namba hasi zimekatazwa, la sivyo utapewa hekta hasi.

Jibu: m³ 5,044, zote mwaka wa 4. Miaka mitatu ya kwanza hamna hata gogo. Solveur haijakosea, miti inakua, nawe hukuiambia kwamba watu hula kila mwaka.

Hatua ya 4: mavuno sawa kila mwaka

Ongeza C12=B12, D12=C12, E12=D12. Sasa unapata takriban m³ 956 kila mwaka, jumla 3,823. Ile tofauti ya m³ 1,221 ndiyo bei ya kuwa na mapato yasiyokatika. Wanachama waionyeshwe kabla ya kupiga kura, maana kuna watakaosema afadhali kungoja.

Hatua ya 5: usiue mwaka wa 5

Hapa ndipo wengi huishia, na ndipo hasara inapolala. Tazama mpango wa hatua ya 4: hekta zote 40 zimekatwa. Machipukizi ya visiki vya mwaka wa 1 yatakuwa na miaka 4 tu mwaka wa 5 ukifika, chini ya umri tuliouweka. Mwaka huo utakuwa mkavu kabisa, na mnunuzi ataenda kwingine. Modeli haioni chochote ng'ambo ya safu ya mwisho.

Dawa yake ni sharti moja. Umri wa chini ni miaka 5, basi moja ya tano ya shamba, hekta 8, ibaki imesimama. F5 iwe =SOMME(F2:F4), isizidi 32. Mavuno yanashuka hadi m³ 819 kwa mwaka. Kinachobaki ni hekta 8 za Bondeni, ambazo mwaka wa 5 zitakuwa na miaka 7: 8 × 122, m³ 976. Umetoa m³ 137 kila mwaka, ukanunua mwaka mzima.

Hatua ya 6: hekta zinazokatika

Hakuna mkataji atakayepima hekta 3.807. Ukiongeza sharti la namba kamili kwenye B2:E4 bila kulegeza usawa, mavuno yataanguka hadi m³ 600 kwa mwaka, kwa kuwa hekta nzima nzima ni nadra kutoa m³ zinazolingana kabisa. Ondoa usawa. Mstari wa 13 weka =1,1*B12, wa 14 =0,9*B12, na C12 ikae kati yake; fanya vivyo hivyo kwa D12 na E12. Mpango mmoja unaopita:

Mwaka 1: Kilimani 8, m³ 800
Mwaka 2: Kilimani 4 na Katikati 5, m³ 863
Mwaka 3: Katikati 8, m³ 800
Mwaka 4: Katikati 5 na Bondeni 2, m³ 810

Tope halimo kwenye meza hii. Kama lori la Fuso halifiki Bondeni nje ya kiangazi cha Juni hadi Agosti, weka kikomo kwenye E4 na uendeshe upya. Kila mwaka ukiisha, futa safu yake, ongeza mwaka mpya mwishoni, na uyapime machipukizi kwenye maduara yaleyale: visiki vilivyokufa havichipui, na jedwali la miti iliyopandwa litayapa m³ yasiyokuwa nayo.