Jinsi ya Kumwagilia Mkrismasi Mpaka Uchanue: Mwongozo kwa Wakazi wa Mwanza

Mkrismasi (Delonix regia), ule mti wa maua mekundu, ni mti wa asili ya Madagaska, na kwa maumbile yake umezoea mwaka wenye msimu wa mvua na msimu mrefu wa ukame. Anayelifahamu jambo hilo amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya kazi ya kuumwagilia, kwa sababu makosa mengi yanayoonekana katika viwanja vya hapa Mwanza hayatokani na uchache wa maji, bali na maji kidogo kidogo ya kila jioni yanayomwagwa juu ya shina. Mti unaolelewa hivyo huotesha mizizi ya juujuu, na mizizi ya juujuu ndiyo inayokuja kuinua sakafu na kupasua ukuta wa uzio. Kanuni ninayoifuata ni kuupa mche maji mengi kwa mara chache, mbali kidogo na shina, na kuuacha mti mkubwa ushikwe na kiu wakati wake wa kiu ukifika.

Eneo letu hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, lakini mvua hizo huja kwa mafungu mawili, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, na kati ya Juni na Septemba ardhi hukauka kiasi kwamba mche uliopandwa masika hauwezi kuvuka kiangazi bila msaada.

Hatua ya kwanza: utambue udongo wako

Chimba kwa kina cha kiganja, chukua udongo kiasi cha kujaza mkono, uloweshe kidogo kisha ujaribu kuusokota uwe kama kamba. Ukivunjika na kumwagika vidoleni, hiyo ni luseni, udongo wa kichanga unaotokana na kuchakaa kwa mawe ya itale, ambao umetapakaa kwenye miteremko na chini ya vilima vyetu. Ukisokoteka bila kukatika na kukuachia weusi mkononi, uko kwenye mbuga, udongo wa mfinyanzi wa mabondeni ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kupitisha mkono. Luseni hunywa maji upesi na kuyapoteza upesi. Mbuga huyapokea polepole na kuyashikilia kwa muda mrefu.

Wanaoishi vilimani, kwa mfano Isamilo au Bugando, wana jambo la ziada la kuangalia. Piga mtaimbo ardhini mahali kadhaa kuuzunguka mche. Ukigonga mwamba kabla ya kufika nusu mita, maji mengi ya mara moja yatateleza juu ya mwamba na kuibukia kwa jirani wa chini, kwa hiyo hapo gawanya kiasi nitakachokitaja hapa chini mara mbili na umwagilie siku mbili tofauti.

Hatua ya pili: tengeneza kisahani

Kisahani, yaani eneo la duara kuuzunguka mche lililozungushiwa tuta la udongo ili lishike maji, kiwe na kipenyo cha mita 1, na tuta lake liwe na kimo cha sentimita 10 hadi 15. Sehemu inayogusana na shina iinuliwe kidogo, ili maji yakituama yasilizunguke shina, kwani gome linalolowa kila mara huoza pale linapokutana na udongo. Kwenye mteremko usihangaike kulizungusha tuta. Jenga nusu duara upande wa chini, uliimarishe kwa mawe, ambayo Mwanza hayajawahi kuadimika, na uuache wazi upande wa juu ili mvua ikinyesha maji yaingie yenyewe. Mti unapokua, kisahani nacho kipanuliwe kila mwaka, kwa sababu mizizi inayonyonya maji iko mbali na shina.

Hatua ya tatu: kiasi cha maji, na namna ya kuyamwaga

Hapa ndipo watu wengi hukisia, ilhali hesabu yake ni rahisi. Kisahani cha kipenyo cha mita 1 kina eneo la takriban mita 0.8 za mraba. Dumu moja la lita 20 likimwagwa humo ni sawa na mvua ya milimita 25. Udongo wa kichanga unashikilia maji yanayokaribia sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, kwa hiyo dumu moja hulowesha kina cha sentimita 25 hivi, na madumu mawili hufika nusu mita, mahali ambapo tunataka mizizi ishuke. Kopo la lita 5 linalomwagwa kila jioni halivuki sentimita 6 au 7, na sehemu kubwa ya maji hayo hunyonywa na jua la kesho yake.

Katika kiangazi cha kwanza, mche ulio kwenye luseni upewe madumu mawili mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja, kisha mara moja kwa wiki hadi mvua za vuli. Kwenye mbuga, kiasi hicho kitolewe kila baada ya siku 10 hadi 14. Kiangazi cha pili, ongeza maji na upunguze mara: madumu matatu au manne kila wiki mbili katika kisahani kilichopanuliwa.

Maji yasimwagwe kwa kishindo. Chukua dumu kuukuu, upashe msumari moto, utoboe matundu mawili karibu na kitako, kisha uliweke ndani ya kisahani karibu na ukingo, likiwa limejaa na kifuniko kimelegezwa ili hewa ipite. Maji yatatiririka kwa uzi mwembamba na kuzama yote, na wewe utaendelea na shughuli zako. Mara inayofuata lihamishie upande wa pili. Asubuhi ndiyo wakati bora, kwa kuwa upepo wa ziwani huanza kuvuma kadiri mchana unavyopanda na kukausha udongo ulio wazi.

Maji ya bomba, ya kisima na ya ziwa yote yanafaa, isipokuwa kisima ambacho maji yake yana ladha ya chumvi. Maji ya kusuuzia vyombo yanaweza kutumika; yale ya kwanza ya kufulia, yenye sabuni nyingi, yamwagwe kwingine. Anayechota ziwani asiingie majini kwa miguu mitupu, kwa kuwa kichocho kipo katika mwambao wetu, na maji aliyoyachota yakikaa kwenye pipa kwa siku mbili, vijidudu vya kichocho vinavyopenya ngozi huwa vimekwisha kufa.

Hatua ya nne: hakikisha maji yamefika

Siku inayofuata, shindilia nondo ya milimita 8 ndani ya kisahani kwa nguvu ya mikono tu. Itazama kwa urahisi ndani ya udongo uliolowa na kukwama inapokutana na udongo mkavu. Weka alama ya chaki usawa wa ardhi, uichomoe na kupima. Ikiwa imeishia sentimita 20, ongeza maji; ikiwa imepita 50, umefanya vya kutosha na usirudie mpaka udongo wa kina cha kidole kirefu uwe mkavu kabisa.

Hatua ya tano: matandazo

Tandaza pumba za mpunga au majani makavu kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Kwenye mchwa wengi, punguza unene na uyafunue mara kwa mara.

Hatua ya sita: usidanganywe na majani

Vijani vya mkrismasi hujikunja kila jioni na kufunguka asubuhi. Mtu anayerudi nyumbani saa 12 jioni huuona mti umefumba, akadhani una kiu, akakimbilia ndoo. Kiu ya kweli utaiona asubuhi, majani yanapokuwa bado yamelegea wakati jua halijawa kali. Majani yakigeuka manjano huku udongo ukiwa umelowa, umezidisha. Na mti ukipukutisha majani yote mwezi Agosti, ukwangue kwa ukucha kwenye tawi changa: chini ya gome kukiwa na kijani kibichi, mti u mzima na umepumzika tu.

Hatua ya saba: mti uliofikia umri wa kuchanua

Mkrismasi uliooteshwa kwa mbegu huweza kuchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kutoa maua. Ukifikia hapo, utaratibu unabadilika. Kuanzia Julai acha kuumwagilia, hata kama kupukutika kwa majani kunakukera, kwa kuwa mti unaonyweshwa kiangazi chote hubaki na majani mengi na kutoa maua machache. Kwa sababu hiyohiyo usiuwekee mbolea ya yurea.

Vitumba vikitokea Oktoba au Novemba na mvua za vuli zikachelewa, hapo ndipo maji yanapohitajika tena, kwani vitumba vikikumbwa na ukame mkali hudondoka kabla ya kufunguka. Usimwage shinani. Toboa kwa mtaimbo mashimo manane hadi kumi ya kina cha sentimita 30 kwenye mstari ambapo kivuli cha saa sita mchana kinaishia, uyajaze kokoto, na kila shimo ulipe dumu moja polepole. Rudia baada ya wiki mbili ikiwa bado hakujanyesha.

Mvua zikishika, vunja tuta la kisahani upande wa chini ili maji yasituame, hasa kwenye mbuga, na ulijenge upya mwishoni mwa Mei.