Fundi bomba asiyegusa bomba: nyumba ya kupangisha ndani ya IRA

Mimi ni fundi bomba, lakini nyumba ya kupangisha iliyo ndani ya IRA yangu (akaunti binafsi ya kustaafu ya Marekani) sijaifungia hata koki. Sinki la jikoni lilipovuja nilimwita fundi mwingine, ankara ikaenda kwa mtunza akaunti (kampuni inayoishikilia IRA yangu), ikalipwa kwa pesa za IRA. Kazi ya dakika ishirini, na spana zangu zimelala garini!

Sheria ya Marekani ndivyo ilivyo: nyumba ni ya akaunti, si yako, kwa hiyo huitengenezi kwa mikono yako. Anza kwa kutafuta mtunza akaunti anayekubali mali isiyohamishika, maana wengi wanataka hisa tu. Uliza ada zake mapema. Kisha hamishia huko IRA ya zamani au 401(k), yaani akaunti ya kustaafu ya kazini, ya mwajiri uliyemwacha, akaunti kwa akaunti, pesa zisipitie mkononi mwako. Ukitegemea michango peke yake utasubiri sana: kikomo cha mwaka 2025 kilikuwa dola 7,000, au 8,000 kwa aliyefikisha miaka 50.

Mnunuzi kwenye mkataba ni mtunza akaunti, kwa faida ya IRA yako. Hata arubuni itoke humo. Mimi nilishaandika hundi yangu binafsi. Ikabidi tuirudishe, tuchane mkataba, tuanze upya.

Wewe, mwenzi wako, wazazi, watoto, wajukuu na wenzi wao hamruhusiwi kulala humo wala kuiuzia akaunti nyumba yenu. Ndugu wa tumbo moja hawamo kwenye katazo hilo. Dada yangu aliomba kupanga, nikamkatalia. Ndugu akichelewesha pango utamdai kwa mdomo gani? Ukivunja sharti, IRA nzima huhesabiwa umeitoa tangu Januari 1 ya mwaka huo: unatozwa kodi ya mapato, na adhabu ya asilimia 10 kama hujafika miaka 59 na nusu.

Usimalize pesa zote kwenye ununuzi. Paa, bima, kodi ya mali, vyote hulipwa na akaunti, na pango lote hurudi humo. Ukikopa, huruhusiwi kujidhamini, na faida inayotokana na mkopo inaweza kutozwa kodi, inayoripotiwa kwa fomu ya kodi iitwayo 990-T. Nilinunua taslimu.

IRA ya kawaida inakulazimisha kuanza kutoa pesa ukiwa na miaka 73, au 75 kwa sisi tuliozaliwa 1960 na kuendelea. Huwezi kung'oa chumba kimoja ukakitoa kama pesa, kwa hiyo pango nalilimbikiza tangu sasa kwa ajili ya miaka hiyo.